Neno la Kiingereza "Fine"

Mwenye kujua maana moja tu ya neno hili aweza kupotea. Mtu akiwa "fine" ni mzima. Siku ikiwa "fine" hakuna mvua. Unga "fine" ni laini, na uzi "fine" ni mwembamba. Lakini katika hati ya mahakama ni faini, neno tulilolichukua huko huko. Asili ya yote ni Kilatini "finis", yaani mwisho: kitu kilichofikishwa kwenye ukamilifu wake, na malipo yaliyomaliza daawa. Basi mzee aletewapo hati yenye maneno "fine, or in default", asidhani ameandikiwa habari njema akaikunja na kuitia mfukoni. Maana yake alipe, na asipolipa huenda akafungwa. Na ampelekee mwalimu siku ile ile, amsomee yote hata mstari wa mwisho.