Mtoto wa mbwa wa shambani: mlee kwa elimu, mlinde mwanao

Wakulima wa bonde la Ruvuma, kuanzia Kilambo hadi Kitaya, wanajua adha ya ngedere, nyani na nguruwe pori. Ndiyo maana baadhi ya kaya zetu huchukua mtoto wa mbwa. Tatizo ni kwamba wengi huona haya kuuliza namna ya kumlea, na mbwa hukua bila mafunzo wala chanjo.

SHERIA INASEMAJE?
Surat al-Maida, aya ya 4, inataja wanyama wa kuwindia waliofundishwa. Hadith zilizopokewa na Bukhari na Muslim zinaruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Kwa madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi pwani hii, mate yake ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Basi mjengee kibanda nje, mbali na mahali pa kuswalia, na awe na sahani yake mwenyewe.

MAFUNZO
Usimtenge na mama yake kabla ya wiki nane. Akifika kwako, mzoeshe mapema watu, mbuzi na kuku. Mpe jina fupi. Mfundishe neno moja moja: "njoo", "kaa", "acha", kwa dakika chache kila siku. Akitii, mpe kipande cha ugali au dagaa papo hapo. Usimpige. Mbwa anayepigwa hujifunza woga, na mbwa mwoga huuma upesi. Watoto wasimguse anapokula au kulala.

Mbwa huweza kuzaliwa na minyoo inayoambukiza binadamu. Mpe dawa kwa ushauri wa afisa mifugo, fukia kinyesi chake, na kila mtu anawe mikono kwa sabuni.

CHANJO
Akitimiza miezi mitatu, apate chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha irudiwe kila mwaka. Kuanzia mwaka 2010, Mtwara ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyochanja mbwa kwa wingi katika mradi ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani. Lengo ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa. Lakini kila mwaka huzaliwa mbwa wapya, hivyo chanjo ya jana haimlindi wa leo.

AKIUMA
Osha kidonda mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Usipake udongo, pilipili wala mafuta ya taa. Udongo wa twahara si wa kidonda. Huweza kuleta pepopunda, na sheria haitaki mtu ajidhuru. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukaanze chanjo, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Mbwa asiuawe ovyo. Akiweza kufungwa kwa usalama, afungwe achunguzwe siku kumi. Dalili za kichaa zikishamwanza binadamu, karibu kila mara huishia kwa kifo.

Mwisho, mzazi mwenzangu: mtoto anayeogopa kuchapwa kwa kugusa najisi, akiumwa atanyamaza. Ukimya huo ndio unaoua. Mwambie leo, kabla mbwa hajafika nyumbani: "Ukiumwa, njoo uniambie, sitakupiga." Najisi huoshwa ikaisha. Uhai ukipotea haurudi.

Wallahu a'alam.