Hewa ya Shimoni: Kinyago cha Feni na Kipima Mionzi

Miaka ya 2007 na 2008 watu wengi walimiminika Winza, katika Wilaya ya Mpwapwa ambamo Kibakwe pia imo, kutafuta yakuti. Tuchukue mchimbaji wa mashimo ya namna hiyo. Tumvishe kinyago chenye feni, tumpe na kihesabio cha Geiger mkononi. Je, yu salama? Mwanafunzi wa fizikia atafanya vema kufikiri kabla ya kujibu.

Kinyago hicho kina betri, feni na chujio. Feni huvuta hewa ya shimoni, huipitisha katika chujio na kuisukuma usoni, kiasi cha lita 115 au zaidi kwa dakika. Kwa kuwa kanieneo ndani ya kinyago huwa kubwa kidogo kuliko nje, hewa huvuja kutoka ndani kwenda nje, wala vumbi halipenyi kwenye mianya. Chujio bora hunasa chembe 9,997 katika kila 10,000 zenye kipenyo cha mikroni 0.3. Vumbi la mawe linaloharibu mapafu hubaki humo.

Lakini gesi hupita. Ndipo tunapofika kwenye radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayozaliwa na urani iliyomo miambani. Urani imewahi kutafutwa Bahi na Manyoni, na hata matale ya kawaida huwa nayo kidogo. Nusu ya radoni-222 hubadilika katika siku 3.8, kwa hiyo sehemu kubwa ya ile tunayovuta tunaitoa tena kabla haijabadilika. Hatari kubwa imo katika wazao wake, kama vile poloni-218. Hao ni yabisi: hushikamana na vumbi, hutua mapafuni na kurusha chembe za alfa papo hapo. Basi chujio, ingawa halizuii radoni yenyewe, huwanasa wengi wa wazao hao.

Na kihesabio? Hans Geiger na Walther Müller walikikamilisha mwaka 1928. Ni bomba lenye gesi na waya wa volti mia kadhaa. Mnururisho ukiingia, hung'oa elektroni, nazo hung'oa nyingine, tukasikia mlio. Ila chembe ya alfa huzuiwa hata na karatasi. Bomba lisilo na dirisha jembamba la ulanga halitaihesabu kamwe. Mlio hafifu, kwa hiyo, si ushahidi kwamba hewa ni safi. Kwa radoni hufaa zaidi kipande cha plastiki maalumu kiitwacho CR-39: huachwa shimoni kwa wiki kadhaa, kisha huchovywa katika myeyusho wa moto wa sodiamu haidroksaidi, na makovu ya alfa huhesabiwa kwa hadubini. Hakihitaji betri, jambo ambalo binafsi nalipenda.

Limebaki kosa linaloua upesi kuliko yote. Feni haitengenezi oksijeni. Penye hewa iliyochakaa, kinyago husukuma hewa ileile iliyochakaa. Na baada ya baruti, chujio la vumbi hupitisha kaboni monoksaidi yote. Taa ya mafuta ikishushwa kwa kamba na kuzimika huonya juu ya oksijeni, lakini juu ya kaboni monoksaidi haisemi neno. Mchimbaji huyo anahitaji bomba la kumletea hewa kutoka juu, ambalo pia litaifukuza radoni.