Mgomba Mwitu Uani: Vidokezo kwa Mwenye Nafasi na Subira

Ukitaka jani moja linaloweza kufunika kona ya bustani, usikimbilie mimea ya ng'ambo. Mgomba mwitu (Ensete ventricosum) ni mzawa wa milima ya Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini. Jani lake huweza kufika mita 5, na uti wake mara nyingi ni mwekundu.

1. Usidanganywe na mche. Ule wa kimo cha goti utapita paa la nyumba. Uweke angalau mita 3 kutoka ukutani, mbali na nyaya za umeme.

2. Ukinge na upepo. Upepo hauuui, ila huchana majani yakabaki matambara, na majani ndiyo uzuri wake wote.

3. Chimba shimo pana, changanya udongo na samadi iliyooza, tandaza nyasi juu. Maji yasituame.

4. Huu ni mmea wa nyanda za juu. Lushoto au Limuru utastawi bila kubembelezwa. Dar es Salaam na Mombasa utafutie kivuli cha alasiri, na umwagilie bila kuchoka.

5. Usisubiri machipukizi, kwa kawaida hautoi. Tafuta mbegu zake nyeusi, ngumu, uziloweke siku 2 kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kusia. Kuota kwaweza kuchukua miezi. Nchini Ethiopia, ambako mmea huu ni chakula cha mamilioni ya watu, wakulima hung'oa kiini cha tunguu na kulifukia, na miche kadhaa huchipua pembeni.

6. Kama una migomba ya ndizi, soma hapa mara mbili. Mnyauko wa bakteria uliripotiwa kwenye mmea huu huko Ethiopia mwaka 1968, ukaonekana kwenye migomba ya Uganda mwaka 2001, na baadaye ukafika Kagera. Panga huubeba kutoka shina hadi shina. Kila ukimaliza mmea mmoja, pitisha panga motoni au lioshe kwa maji ya klorini. Ukiona majani yananyauka na kugeuka manjano, na shina likikatwa linatoa usaha, ng'oa mmea mzima bila huruma.

7. Baada ya miaka kadhaa utachanua mara moja tu, kisha utakufa. Matunda yakikomaa toa mbegu, uzisafishe, uzisie zikiwa bado mpya.