Kulipia Chakula Ireland: Kutoka Kuweka Meza Hadi Risiti, Bila Presha

Hapa nyumbani tumezoea. Unamaliza kula, unaomba namba ya till, unaweka PIN, ujumbe unaingia, unamwonyesha weita, mnaagana. Ireland hakuna till. Simu yako ile ile iliyolipa nyama choma jana haitakusaidia mezani kama hukuiandaa kabla ya kupanda ndege.

Tuchukue mfano. Mama mmoja kutoka Nakuru amesafiri hadi Cork kwa sababu bintiye anahitimu chuo kikuu. Ameapa jambo moja: chakula cha jioni cha siku hiyo atalipa yeye, sio bintiye ambaye amefanya kazi za wikendi miaka yote ya masomo. Wamekula, wamepiga picha, bili imefika. Mama anagusisha kadi kwenye mashine. Inakataa. Anajaribu tena, inakataa. Binti anafungua mkoba polepole: “Mum, wacha tu nilipe.”

Pesa Mum anazo. Kilichokosekana ni maandalizi ya dakika kumi. Hebu tuyapitie pamoja, hatua kwa hatua, ili siku yako isiishe hivyo.

1. Kabla ya kusafiri: jua kadi uliyo nayo

Wateja wengi hutumia kadi pepe, yaani namba za kadi zilizo ndani ya programu ya simu, bila plastiki. Kadi hiyo ni nzuri kwa malipo ya mtandaoni: kuweka meza, kulipa depoziti, kuagiza chakula kiletwe mlangoni. Lakini mhudumu akileta mashine mezani, anatarajia kitu cha kugusisha au kuingiza. Kusoma namba kutoka kwenye simu hakutoshi, na si salama.

Kwa hivyo angalia mapema kama kadi yako inaweza kuwekwa kwenye pochi ya simu ili ulipe kwa kugusisha simu. Kama haiwezi, beba kadi ya plastiki, na yuro chache taslimu za dharura.

Mambo mengine mawili. Kwanza, hakikisha laini yako ya Kenya itashika mtandao ukiwa nje, kwa sababu msimbo wa kuthibitisha malipo ya mtandaoni huja kwa SMS kwenye laini hiyo. Ukiiacha nyumbani kwenye droo, msimbo utaenda kwenye droo. Pili, angalia kiwango cha juu cha matumizi ya kadi kwa siku. Salio likiwa kubwa na kiwango kikiwa kidogo, kadi bado itakataa.

2. Kuweka meza: uliza kuhusu depoziti

Mikahawa mingi ya Dublin, Cork na Galway, hasa wikendi, huomba namba za kadi unapoweka meza. Usibofye tu. Tafuta majibu ya maswali matatu:

- Je, pesa zinakatwa sasa, au namba za kadi zinahifadhiwa tu?
- Nikikosa kufika, nitakatwa kiasi gani kwa kila mtu?
- Mwisho wa kughairi bila kukatwa ni lini?

Mama wetu aliweka meza ya watu watatu akiwa bado Nakuru na akalipa depoziti ya yuro 30 kwa kadi pepe. Hapo alifanya vizuri. Alihifadhi ujumbe wa uthibitisho pia, na utaona baadaye kwa nini ulimfaa.

3. Chagua mahali kulingana na mfuko

Kula nje Ireland si rahisi kwa mfuko wa shilingi, lakini si lazima kila mlo uwe wa kukaa na kitambaa mapajani. Kuna ngazi.

Ngazi ya chini ni duka la samaki na chipsi, ambalo wenyeji huliita “chipper”. Unaagiza kaunta, unalipa hapo hapo, unabeba. Ukiwa Waterford, tafuta “blaa”, mkate mlaini mweupe ulionyunyizwa unga juu, ambao tangu 2013 jina lake linalindwa na sheria za Umoja wa Ulaya. Ukijazwa nyama asubuhi, unashikilia tumbo hadi mchana.

Ngazi ya kati ni “carvery”, chakula cha mchana cha baa. Unapanga foleni, unakatiwa nyama ya kuoka, unapakuliwa mboga na viazi. Usishangae kupewa viazi vya kuponda na vya kuoka kwenye sahani moja. Kwa anayekosa ugali, hiyo ndiyo sahani ya kushiba. Galway nayo, mji wa pwani ya magharibi, agiza supu nzito ya samaki na maziwa, ambayo mara nyingi huja na mkate wa soda.

Ngazi ya juu ni mkahawa wa jioni. Hapa kuna ujanja halali: angalia bango lililoandikwa “Early Bird”. Ni menyu ya bei nafuu kwa wanaoingia mapema jioni, mara nyingi sahani mbili au tatu kwa bei moja. Jikoni ni lile lile, tofauti ni saa tu.

Huna haja ya kuingia ndio ujue bei. Sheria ya Ireland inataka mikahawa ionyeshe bei nje au mara tu unapoingia, na bei hizo tayari zina kodi ya VAT. Simama, soma, piga hesabu, ndio uingie. Hakuna aibu. Ukiwa ndani, omba maji ya bomba, kwani kwa kawaida ni bure, ila maji ya chupa yanalipiwa. Na kama kuna chakula kinachokudhuru, kama karanga au samaki, omba orodha: mikahawa inatakiwa kuandika vyakula vyenye vitu 14 vinavyosababisha mzio.

4. Bili ikija, isome kwanza

Bili ya mezani kwa kawaida huiletewi mpaka uiombe. Ikija, tafuta mambo mawili.

*Depoziti.* Je, imetolewa? Menyu ya mapema ya mama wetu ilikuwa yuro 32 kwa mtu. Watu watatu ni yuro 96. Ukitoa depoziti ya 30, zinabaki 66. Bili ikisema 96, mwonyeshe mhudumu ule ujumbe wa uthibitisho kabla ya kulipa. Kurekebisha kabla ni dakika moja. Kudai baadaye kutoka Nakuru ni hadithi nyingine.

*Ada ya huduma.* Vikundi vikubwa mara nyingi huongezewa ada hii kwenye bili. Ikiwa imo, huhitaji kuongeza bakshishi. Kama haimo, bakshishi ni hiari. Mezani watu wengi huacha kama asilimia 10 wakiridhika, na kaunta ya baa si lazima kuacha chochote.

Bakshishi hiyo inaenda wapi? Tangu tarehe 1 Desemba 2022, Ireland ina sheria inayomzuia mwajiri kutumia bakshishi kujazia mshahara wa wafanyakazi. Mkahawa pia unatakiwa kubandika tangazo linaloeleza jinsi bakshishi inavyogawanywa. Lisome. Wakenya wengine wanaosoma huko hulipa kodi ya nyumba kwa kazi hizo, na pengine anayekuhudumia ni mmoja wao.

5. Mashine mezani: hapa ndipo wengi huteleza

Mhudumu huleta mashine hadi ulipo. Kadi isitoke mkononi mwako.

PIN. Ireland, kugusisha kadi ya plastiki bila PIN kuna mpaka wa yuro 50. Mama alikuwa analipa 76, yaani 66 na bakshishi ya 10. Mashine ikamtaka aingize kadi na PIN. Akaweka PIN ya pesa za simu, ile ya miaka yote. Ikakataa, mara mbili. PIN ya kadi na PIN ya pesa za simu ni vitu viwili tofauti. Jifunze ya kadi kabla ya safari, na ile ya pesa za simu usiiweke kwenye mashine ya mtu, iwe Cork au Gikomba. Ukilipa kwa pochi ya simu, alama ya kidole au uso wako huchukua nafasi ya PIN, na kwa kawaida ule mpaka wa 50 haukuhusu.

Sarafu. Mashine ikitambua kadi ni ya Kenya, inaweza kukuuliza: EUR au KES? KES inavutia kwa sababu unaona shilingi unazozijua. Chagua EUR. Ukichagua KES, wenye mashine ndio wanaokubadilishia pesa, kwa kiwango chao, na mara nyingi wameweka faida yao ndani.

Tupige hesabu kwa viwango vya mfano tu. Tuseme kadi yako inabadilisha yuro moja kwa KSh 150, na mashine inataka 160:

- Yuro 76 × 150 = KSh 11,400
- Yuro 76 × 160 = KSh 12,160

Umepoteza KSh 760 kwa kubonyeza kitufe kimoja. Fanya hivyo milo kumi, ni KSh 7,600. Tuwe wakweli pia: hata ukichagua EUR, kadi yako inaweza kuwa na ada ya kubadilisha sarafu. Iangalie kwenye orodha ya ada kabla ya kusafiri, usiikute kwenye taarifa ya akaunti.

Ukilipa taslimu, jumla inaweza kukadiriwa hadi senti 5 zilizo karibu, kwa hivyo 66.02 inakuwa 66.00. Hujaibiwa.

6. Ukivuka kwenda Belfast

Dublin hadi Belfast ni safari fupi ya treni, lakini Ireland Kaskazini ni sehemu ya Uingereza. Sarafu ni pauni, si yuro. Kanuni haibadiliki: mashine ikiuliza, chagua sarafu ya mahali ulipo, yaani GBP.

7. Kadi ikikataa

Usigusishe mara tano mfululizo. Angalia ujumbe kwenye simu kwanza. Kama pesa zimeonekana kukatwa lakini mashine inasema malipo hayakupita, omba karatasi ya mashine inayoonyesha hivyo, piga picha, kisha wasiliana nasi kupitia programu. Halafu lipa kwa njia yako ya pili.

Kwa ufupi, kabla ya kusafiri:

- Kadi ya plastiki au simu ya kugusisha iko tayari
- PIN ya kadi naijua, na si ile ya pesa za simu
- Kiwango cha siku kinatosha, laini yangu inashika nje
- Ujumbe wa depoziti nimeuhifadhi
- Mashine ikiuliza, nachagua sarafu ya nchi niliyomo

Turudi Cork. Kama mama angekuwa na orodha hii, binti angefungua mkoba vile vile, maana watoto wetu ndivyo walivyo. Lakini Mum angeingiza kadi, aweke PIN yake, achague EUR, na kumjibu bila kuinua macho: “Rudisha mkoba. Leo ni mimi.”

Unasafiri hivi karibuni? Fungua programu leo, uangalie PIN ya kadi na kiwango chako cha siku. Una swali, tuandikie.