Somo kwa Makarani: Tarehe Isomwe Kama Ilivyoandikwa



Mmoja wetu alikuja ofisini kuuliza kwa nini karafuu zake, alizozileta mizanini tarehe 5 Agosti 2024, hazimo katika orodha ya malipo ya mwezi ule. Tulifungua daftari tukaikuta tarehe imeandikwa sawasawa: 05/08/2024. Kosa lilikuwa letu. Tulipotia hesabu katika kompyuta, kwa programu ya R, tuliiambia isome kwa desturi ya Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Basi karafuu za Agosti zikawa za tarehe 8 Mei. Mwenzetu amekwisha lipwa haki yake, nasi tumeona vema kulieleza jambo hili kwa faida ya makarani wa matawi yote.

Kwanza, kompyuta haijui desturi yetu mpaka iambiwe. Ukiandika as.Date("05/08/2024") peke yake, R hudhani kuwa mwaka ndio uliotangulia, ikajibu 0005-08-20, yaani mwaka wa 5! Amri iliyo sahihi ni hii:

as.Date("05/08/2024", format = "%d/%m/%Y")

Hapo d ni siku, m ni mwezi, na Y kubwa ni mwaka wa tarakimu 4. Jibu litakuwa 2024-08-05. Angalieni sana: y ndogo husoma tarakimu 2 tu, na mwaka 2024 ungegeuka 2020.

Pili, ukikosea ukatanguliza mwezi, tarehe 15/08/2024 itatoa NA, maana hakuna mwezi wa 15. Kosa la namna hii hujitangaza lenyewe. Lakini siku 12 za mwanzo wa mwezi hupita kimya, zikaenda kukaa katika miezi isiyo yao. Hilo ndilo la kuogopwa.

Kwa hiyo, msifute tarehe za asili. Wekeni zilizogeuzwa katika safu nyingine, tuseme tarehe2. Hesabuni NA kwa sum(is.na(tarehe2)). Kisha tazameni range(tarehe2, na.rm = TRUE), ioneshayo tarehe ya kwanza na ya mwisho; ikiwa mojawapo iko nje ya msimu, rudini daftarini. Mwisho chagueni mistari michache, hasa ya siku za mwanzo wa mwezi, mkailinganishe kwa macho.

Kila mstari wa daftari ni jasho la mtu. Aliyepotewa na risiti yake hana shahidi mwingine ila sisi.

Katibu