BAHATI, NDEGE NA HERI: MSAMIATI WA SIKU NGUMU

Mwaka huu nimechagua kuandika juu ya maneno ya bahati. Si kwamba nimekuwa mganga wa kupiga ramli, la hasha! Ni kwa sababu hapa shuleni haipiti siku bila kusikia mtu akisema, "Leo niko na mkosi." Ukimwuliza mkosi ni nini hasa, anabaki kukutazama tu. Nami naona ni vigumu kupambana na jambo usilolijua jina lake. Basi tuanze.

1. Bahati ya kugawiwa

Neno bahati lilitoka Uajemi likapitia kwa Waarabu hadi pwani yetu. Nasibu ni la Kiarabu, na maana yake ya asili ni fungu au mgao. Sudi pia ni la Kiarabu. Halafu kuna nyota, kama tunavyosema fulani ana nyota ya jaha. Huku kwetu Thika na Ruiru, wazee wanaozungumza Kikuyu husema mũnyaka. Upande wa pili wamo nuksi, mkosi na kisirani.

Maneno haya yana jambo moja linaloyaunganisha: yupo anayegawa, na wewe umeketi tu unangoja sahani yako. Ndiyo maana mchezo wa kununua tiketi huitwa bahati nasibu. Na ndiyo maana vijana wengi siku hizi wanamaliza hata nauli kwenye kamari za simu. Wanangoja mgao.

2. Ndege

Neno hili litawashangaza baadhi yenu. Katika Kiswahili, ndege si kiumbe mwenye mabawa tu, wala si ile inayotua Embakasi. Ndege pia ni ishara ya jambo litakalotokea. Msafiri wa zamani akisikia mlio njiani alisema amepata ndege njema au ndege mbaya, na akipata mbaya huenda akarudi nyumbani. Tazameni sarufi: kiumbe ni ndege mwema, lakini ishara ni ndege njema. Kivumishi ndicho kinachotuonyesha tofauti.

Si sisi peke yetu. Warumi wa kale walikuwa na maofisa rasmi wa kutazama ndege kabla ya shughuli kubwa za dola. Waarabu nao wana neno la kisirani lililotokana na jina lao la ndege.

3. Heri

Sasa tufike kwenye neno ninalolipenda kuliko yote. Heri ni baraka: kwaheri, heri ya mwaka mpya. Lakini heri lina kazi ya pili, nayo ni kulinganisha. Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. (Kenda ni tisa, na Wakikuyu pia husema kenda. Hata koo zao huhesabiwa "kenda iliyojaa", ilhali majina yenyewe ni kumi!)

Kumbe neno moja linabeba baraka na kipimo. Mwenye kusema heri hasemi kwamba mambo ni mazuri. Anasema kuwa kati ya haya mabaya, hili lina nafuu. Methali ya baada ya dhiki faraja hutuambia tungoje dhiki iishe. Heri hupatikana dhiki ikiwa bado ipo.

4. Mfano wa njiani

Nitatoa mfano wangu mwenyewe. Mimi husomea Thika na kwetu ni Ruiru, mwendo wa kilomita zipatazo 20 kwa ile barabara kuu iliyofunguliwa mwaka 2012. Jumatatu moja ya mvua za Aprili nilitumwa nyumbani na barua ya karo. Mtihani wa katikati ya muhula ulikuwa unaanza kesho yake, na asiyekuwa na risiti hangeingia.

Tulipopita Witeithie gurudumu likapasuka, pwaa! Abiria mmoja akasema hiyo ni nuksi ya Jumatatu. Lakini makanga alisimamisha gari la nyuma akatuita: "Wanafunzi, ingieni hiyo, hamlipi tena." Mfukoni nilikuwa na nauli ya gari moja tu. Hiyo ilikuwa heri ya kwanza.

Sokoni Ruiru nilimkuta mama amefunika sukuma wiki kwa karatasi ya nailoni. Mvua ilikuwa imefukuza wanunuzi. Aliniona kwa mbali akajua.

"Wamekurudisha?"

"Ee, Mama."

Akafungua leso, akahesabu, akahesabu tena. Haikufika hata nusu. Akaenda kwa jirani yake anayeuza nduma, akarudi na nusu kamili na nauli juu.

"Heri nusu, mwanangu," akaniambia. "Rudi nayo leo hii. Usingoje Ijumaa."

Nilifika shuleni karani akifunga dirisha. Akanitazama nilivyolowa, akalifungua tena. Akapokea ile nusu, akaniandikia kikaratasi cha ruhusa. Jumanne nilifanya mtihani.

Je, nilikuwa na bahati? Deni lilibaki, na mama sasa alikuwa na deni la pili kwa jirani. Lakini zile heri zote zilitoka mkononi mwa mtu: makanga, mama, jirani, karani. Na kila moja ilinitaka niinuke nifanye jambo. Kama ningekubali ile nuksi ya Jumatatu, ningalilala nyumbani.

5. Mfano wa shambani

Wakulima wa kahawa wanaujua ugonjwa unaoozesha buni ikiwa bado changa mtini. Mtafiti anayetafuta dawa ya mbegu hahesabu miche iliyokufa peke yake. Hutafuta ile michache iliyosalimika, akaizalisha na mingine mwaka baada ya mwaka. Kwa kazi ya namna hiyo, kituo cha utafiti cha hapa Ruiru kilitoa mwaka 1985 aina iitwayo Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa huo pamoja na kutu ya majani. Mgeni akiona shamba limenawiri atasema mwenyewe ana bahati. Mimi nasema kuna mtu aliyeuona mche mmoja wenye heri akaufanyia kazi.

6. Tahadhari

Jameni, msichukue neno hili mkamnyamazishe mwenye shida. Kumwambia aliyekosa chakula cha mchana "heri wewe una viatu" ni kumsimanga. Heri husemwa na mwenye siku yake, au na mtu anayempa mkono, kama mama alivyosema akiwa na pesa kiganjani. Ukimwona mwenzako ana siku mbaya, mgawie nusu ya mkate wako. Neno atalitafuta mwenyewe.

ZOEZI

(a) Tofautisha: bahati, ndege, heri.
(b) Tunga sentensi tatu zenye "heri ... kuliko ..." kuhusu maisha ya hapa shuleni.
(c) Andika aya moja juu ya siku ngumu uliyoipitia. Neno mkosi lisitokee zaidi ya mara moja. Taja watu wote waliokusaidia siku hiyo, hata kwa jambo dogo.

Majibu yapelekwe kwa mlezi wa chama. Kila la heri!