Majina ya Wazee Wetu: Tuyaache au Tuyabakishe?

Ndugu Muislamu, ukifika Usoke, magharibi ya Tabora, hukosi kumkuta mzee Hamisi, bibi Chausiku na mapacha Kulwa na Doto. Vijana wetu wa mjini huyaonea haya majina haya, na wapo wanaodai kuwa si ya Kiislamu. Hukumu hiyo ni ya pupa.

Uislamu uliingia Unyamwezi na misafara ya biashara katika karne ya 19, na kalenda yake ikaingia katika majina. Juma na Mwajuma ni waliozaliwa Ijumaa, Hamisi ni wa Alhamisi, Mwanaidi ni wa Idi, na Rajabu, Shabani na Ramadhani ni wa miezi hiyo. Wanyamwezi nao walikuwa na yao: Kulwa ni pacha wa kwanza, Doto wa pili, na Shija ni anayezaliwa baada ya mapacha.

Sheria haikushurutisha jina liwe la Kiarabu. Inachotazama ni maana. Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa majina yanayopendeza zaidi kwa Allah ni Abdullah na Abdurrahman (Muslim). Hata hivyo, Umar na Bilal walisilimu wakabaki na majina yao. Aliyabadili yenye maana mbaya: Aasiya, yaani muasi, akamwita Jamila (Muslim). Hazn, yaani ugumu, alimtaka ajiite Sahl, wepesi. Akakataa kuacha jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake, Said bin al-Musayyab, alisimulia kuwa ugumu ule uliendelea kubaki katika ukoo wao (Bukhari).

Kwa kipimo hicho, Chausiku na Doto hawana tatizo. Ya kutazamwa ni Shida, Tabu na Mashaka. Mara nyingi mzazi huyatoa akiwa katika dhiki. Dhiki hupita, jina hubaki, na mtoto huitwa maisha yake yote kwa machungu yasiyokuwa yake.

Aliye na jina kama hilo anaweza kulibadili, na asidhihakiwe. Qur'an (49:11) imekataza kuitana kwa majina ya kejeli. Nawe mzazi, kabla ya akika ya siku ya saba, uliza maana. Jina la kwenye televisheni usilojua maana yake halimshindi Mwajuma kwa lolote.

Wallahu a'lam.